Mkia wa Neno

Alfajiri soko la Kadutu linanibana mbavu,
gunia la unga shingoni, kilo hamsini,
na mdomoni neno moja: padoni, padoni.
Ndiyo honi yangu, sina nyingine.
Padoni mama wa sambaza, inua beseni.
Padoni mwanafunzi, soksi zako nyeupe.
Nikisema padoni maana yake ni toka.
Sijamkosea mtu. Ni uzito unaoongea.

Kuna padoni ya bei,
anayoisema Mama Chishugi akiwa amepakata mkungu wa ndizi
kama mtoto wa mwenziwe:
"Padoni, unipunguzie mia mbili,"
na muuzaji anacheka, kwa maana wote wawili wanajua
kwamba hapo hapana kosa,
pana njaa tu iliyochana nywele.

Na kuna ile ya kizuizini, usiku, tochi usoni,
unapoombea msamaha jina lako,
mifuko yako mitupu,
saa ambayo wewe hukuichagua.
Hiyo siielezi.

Mwalimu Ntakwinja, darasa la tano, Bagira,
aliandika SAMAHANI ubaoni
akapiga mstari chini ya herufi mbili za mwisho.
"Hii ni," alisema, "ilikuja na neno kutoka kwa Waarabu.
Kwao ni mimi.
Mtu mzima amejikunyata mkiani mwa neno."
Tulicheka. Mushagalusa akauliza kama anapumua huko.
"Inategemea nani anasema," mwalimu akajibu,
akafuta ubao kwa mkono wa koti.

Mabati kumi na mawili.
Niliyang'oa juu ya chumba cha mama
nikayauza, nikapata nauli ya Kamituga.
Nilisema nitarudi na ishirini, yenye rangi.
Nilirudi na kikohozi.
Nsimire, dada yangu, alikuwa amepanga sufuria sakafuni,
moja kwa kila tone, na usiku alizimwaga,
na mama alizihesabu kwa sauti ili asilale.
Mama alituacha kiangazi.
Si mvua, kila mtu anasema si mvua.
Kila mtu anapenda kuniambia hivyo.

Miaka minne.
Padoni arobaini kwa siku, kwa watu nisiowajua.

Jumapili nikapanda ngazi za udongo kwenda Cimpunda,
nikijaribu maneno kama mtu anayejaribu viatu vya mitumba.
Naomba radhi: hapana,
nilisikika kama redio ikitangaza kukatika kwa umeme.
Pole: hiyo ni ya mpita njia,
ya mtu aliyekukuta umeanguka,
si ya aliyekusukuma.
Unisamehe: neno zuri, lakini linamtuma kazi,
limemkuta ameinama na linamwongezea mzigo.
Katikati ya ngazi mvua ikanishika.
Mtoto mwenye ndoo akanipita mbio: "Padoni, papa!"
Nikampisha.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anachambua maharage.
Juu yake mabati mapya, aliyoyanunua mwenyewe,
kwa miaka minne ya kushona sare za shule,
na mvua iliyapiga kama watu elfu wanaobisha.
Nikasema samahani.
Ilitoka ndogo, ileile ya sokoni,
ile ninayowapa wenye mabeseni.

Nsimire akainua kichwa.
"Padoni?"

Ile ya kutosikia.
Au nyingine, mpaka leo sijui.
Kwamba neno langu lilizama chini ya bati lake,
hilo nalijua, na nililistahili.

Sikuwa na gunia. Mikono haikujua pa kukaa.
Nikalisema tena, polepole, mpaka mwisho,
mpaka kwenye zile herufi mbili,
na huko, mwalimu, mtu alikuwepo,
amelowa.

Hakujibu.
Akasukuma kigoda kwa mguu, kidogo tu.
Mawe katika maharage yale yalikuwa mengi.